Mama Anataka Nisaini Kwamba Mkanda wa Ngamia Umefaulu

Admin, nifichie jina, mji huu ni mdogo. Nina miaka thelathini na moja, naishi Iftin hapa Garissa, ni mhadhiri msaidizi. Nachapa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa plasta. Aliyeuvunja ni abti, kaka wa mama, aliyenilea na kunisomesha.

Abti ni mtafiti chuoni kwetu. Ametengeneza mkanda wa shingoni wa ngamia. Ngamia akihamia boma lingine, simu ya mwenyewe inalia, "Ameibiwa." Mimi niliwekwa kwenye kamati ya kutathmini tafiti za chuo. Nilipaswa kujitoa kwa sababu ya undugu, nikanyamaza. Hilo kosa nalibeba.

Nilienda Sangailu kuwauliza wafugaji waliopewa mikanda ya majaribio. Kule mjane mmoja alikuwa ameazimwa ngamia wa maziwa na mzee jirani, vile sisi tunavyoazimana siku zote. Mzee akasafiri kabla ngamia hajahamishwa, akawaachia wanawe simu bila kuwaeleza. Ngamia alipofika kwa mjane, simu ikalia. Hawakuuliza mtu, walibeba mapanga wakavamia boma la mjane. Mwana mkubwa wa mjane alijikinga kwa mkono, wakaukata kwenye kiwiko. Nimekiona kile kigutu, bado kinatoa usaha.

Mjane aliniambia, "Ile kitu ya shingo imeita sisi wezi. Maziwa tulipewa, wallahi."

Niliandika yote. Mkanda haujui kuazimana, usigawiwe kwingine mpaka urekebishwe. Abti akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Unaniaibisha mbele ya wafadhili?"

"Abti, wewe mwenyewe ulikuzwa kwa maziwa ya ngamia wa kuazimwa. Ulisahau vipi?"

Alinicharaza bakora mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Hasira zikanipanda, nikamtandika usoni na thamosi ya chai. Meno mawili yalianguka juu ya ripoti yangu, damu kila mahali. Nilisikia raha, ndugu zangu. Raha hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Sasa mama amenifukuza nyumbani. "Saini kwamba mradi umefaulu, halafu uende ukambusu abti yako miguu. Ukikataa, usiniite hooyo tena."

Wenzangu kwenye kamati wamegawanyika, sahihi yangu ndiyo inayongojwa. Mikanda ya kugawiwa wafugaji wa Griftu imeshafika, iko kwenye maboksi. Griftu nako watu wanaazimana ngamia, na mapanga wanayo. Lakini mama ninaye mmoja tu. Wenye mama zenu, niambieni, nisaini?