Kiti cha Mkoba

Kwa miaka mingi muuguzi mkuu wa wodi yetu alihudhuria kikao cha asubuhi akiwa amesimama, kwa kuwa kiti cha mwisho kilikaliwa na mkoba wa daktari bingwa. Jumatatu moja aliushusha mkoba sakafuni, akaketi.

“Wewe nesi, hicho kiti kina mwenyewe!”

“Nimemshusha, daktari. Hajalalamika.”

“Ukikaa wewe, nani atahudumia wagonjwa?”

“Huyo huyo anayewahudumia ukikaa wewe.”

Mfamasia alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kesho yake viti vyote vilikuwa vimeondolewa. Daktari alieleza kwamba kusimama kunaimarisha mgongo. Muuguzi, mzoefu wa kusimama, akaanza kusoma taarifa ya usiku polepole, mgonjwa mmoja mmoja. Daktari alipoegemea ukuta, muuguzi akaurudia ukurasa wa kwanza.