Leo Dini ya Mfereji imeitwa mbele kuomba

Marafiki, leo nimeitwa mbele ya watu kuomba kama kiongozi wa dini. Mimi!



Mnajua mimi na rafiki yangu Guyo tulianzisha Dini ya Mfereji kwa utani. Tunazunguka ule mfereji mkavu wa mtaa wetu hapa Isiolo, bomba lisilotoa hata tone, mmoja anauliza, "Maji?" na wengine wanajibu, "Yanakuja!" Ni hiyo tu. Hata sadaka hatuchukui.

Sasa rafiki yetu Kinoti ametengeneza dokumentari kutuhusu, na leo ameionyesha kwa ukumbi wa mtaa. Watu walicheka mpaka machozi!

Lakini mkutano wa huku haufungwi bila maombi ya kila upande. Sheikh akaomba dua. Pasta akaomba. Mimi nikaanza kutafuta mlango.

Mama aliyeongoza mkutano akasema, bila hata kutabasamu, "Bado hawa wa mfereji. Hapa hatubagui mtu."

Guyo akanisukuma mbele. Huyo si rafiki!

Sheikh ananiangalia. Pasta ananiangalia. Na maombi yenyewe hatuna! Nikafunga macho, nikauliza kwa sauti ndogo, "Maji?"

"YANAKUJAAA!"

Ukumbi mzima, jamani! Mpaka Sheikh alikuwa ameshika mbavu.

Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kushinda wote, mkono juu, uso umejaa imani?

Mwenyekiti wa kamati ya maji.

Sasa niambieni ukweli. Mwanzilishi wa hii dini ni mimi na Guyo, ama ni yeye?