Oili Aliyoichagua Baba

Kwetu Dagoretti, gari likinunuliwa katika ukoo halikutiwa oili mpaka baba aijaribu kwa vidole. Alikuwa na gereji karibu na soko tangu mimi sijazaliwa, na hata baada ya kuifunga, shangazi, binamu na wazee wa kanisa waliendelea kumletea makopo. Alitia tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua huku ametazama juu kama anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akatoa hukumu. Hakuna aliyekata rufaa. Binamu yangu mmoja alijitia ujuaji akajinunulia yake, na injini ilipokwama baba hakumwambia kitu. Alingoja harusi, akaisimulia mbele ya wakwe.

Mimi ndiye kifungua mimba, nimerithi jina la mamake baba, kwa hiyo huniita Mami. Nafanya kazi ya ofisi Kilimani. Nilipokaribia miaka arobaini nilinunua gari la michezo, la Kijapani, viti viwili, lenye turbo. Mama aliuliza viazi vitakaa wapi. Jumamosi moja kila mwezi nalipeleka kwenye uwanja wa mbio kulikimbiza, na sioni haya kusema kwamba hizo ndizo saa ninazozingoja mwezi mzima.

Gari la uwanjani si la kwenda nalo Westlands na kurudi. Injini inapiga kelele dakika ishirini bila kupumzika, oili inachemka na kuwa nyepesi, na ikizidi wepesi chuma kinasagana na chuma. Nayo ikiwa nzito mno, asubuhi za baridi ya Julai inachelewa kufika juu ya injini, na ile ya kawaida ikipata joto la turbo inaungua na kuacha masizi. Wenzangu wa uwanjani, ambao hawakubaliani hata kuhusu saa ya kula, walikubaliana kwenye hili: sinthetiki tupu, 5W-40. Namba ya kwanza ni tabia yake ikiwa baridi, ya pili ni tabia yake ikiwa moto; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito.

Nilikwenda kuinunua Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, pamoja na baba, maana kwenda bila yeye kungekuwa tangazo la vita. Mwenye duka alifungua kopo la 5W-40. Baba akaliinua, akalitazama mbele na nyuma, akachovya kidole, akasugua.

"Hii ni maji, Mami. Utaweka maji kwa injini?"

"Baba, hii haiungui haraka. Ni ya turbo."

"Unakimbiza gari, inachemka. Unataka kitu nzito." Akanyoosha mkono kwenye rafu na kushusha 20W-50, ile ya kawaida, aliyokuwa akitia kwenye malori ya kubeba ng'ombe.

"Mzee, hizi turbo za siku hizi haziwezani na hiyo," mwenye duka alijaribu.

"Nilikuwa nanunua hapa wewe ukifagia," baba akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hakuwa amekosea kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi. Ni kweli uwanjani unataka nzito kidogo kuliko ya barabarani. Lakini si ile. Ningemwambia hivyo, mdomo ninao, na nimewahi kumjibu kwa mambo madogo zaidi. Niliogopa. Tangu gereji ifungwe hakuna mtu aliyemuuliza lolote isipokuwa oili. Kliniki wanamwambia ale nini, mama anamwambia avae nini, kanisani wamempa kiti cha mbele ili akae kimya. Nikimvunja kwenye hili atabaki na nini? Na injini yangu nayo ikifa, sina nyingine wala sitapata nyingine.

Kwa hiyo nikadanganya. Nililipia ya baba mbele yake, nikamrudisha mpaka nyumbani, nikarudi dukani peke yangu kuchukua ile nyingine. Fundi wangu wa Kilimani aliitia. Ile ya baba nikampa fundi huyo zaidi ya nusu, atie kwenye lori la kaka yake, na kopo lenye iliyobaki nikaliweka kwenye buti la gari, mahali pa kuonekana. Nilijiona mwerevu kwelikweli.

Ijumaa baba akapiga simu. Alikuwa anakuja uwanjani, alisema, kuona oili yake ikifanya kazi.

Nilimpitia asubuhi. Alijikunja kuingia akiguna. "Hii gari unaketi kama uko kwa karai," akasema, lakini alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Njiani alinieleza oili nzito inavyoshikilia silinda, nami nikawa naitikia "ndio, Baba" kama mtoto wa shule. Nilijua atataka kuipima. Nilijua pia kwamba akishaisugua mara moja tu nitakuwa nimekamatwa. Nilizunguka uwanja nikiwaza hayo badala ya kuwaza kona, na mara mbili nilikosa mahali pa kufunga breki. Sindano ya joto la oili ilipita mia kidogo, ikatulia. Injini ilikuwa na furaha kuliko mimi.

Niliporudi alikuwa ameshasimama akiningoja. "Fungua boneti."

"Ngoja ipoe kwanza."

"Fungua, Mami."

Nikafungua. Alichomoa kijiti cha kupimia, akatia vidole viwili kwenye ncha yake, akasugua. Nilingoja aruke. Oili ile ilikuwa moto kuliko maji yanayochemka. Kama hataruka, basi nilingoja anigeukie na lile jicho lake. Hakufanya hata kimoja. Aliendelea kusugua polepole, ametazama juu.

"Umeona?" akasema. "Nzito. Imeshikilia vizuri."

Nilimshika mkono nikaumwagia maji ya chupa, na baba akawa anauliza nina wazimu gani. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kutoa lengelenge. Alikitazama.

"Haikuuma?"

Akauvuta mkono wake.

"Baba, tangu lini?"

"Ni hii sukari," akasema mwishowe. "Ilianza na ganzi ya miguu. Mikono ni kama tangu Krismasi."

"Na ile siku dukani ulijuaje kwamba ni nyepesi?"

"Nilisoma kwa kopo."

Niliona uchungu, na chini ya uchungu aibu, maana wiki nzima nilikuwa nikimwogopa mtu ambaye alikuwa akiniogopa mimi. Watu wa ukoo wangapi walikuwa wamemletea makopo tangu Krismasi, naye akasugua, akatazama juu, akawajibu?

"Usiambie mama yako," akasema. "Atanikataza hata kushika spana."

"Jumatatu tunaenda kliniki. Tutaongea na yeye baadaye."

Hakubisha, na baba kutobisha ni jambo la kutisha. Alitazama kijiti alichokuwa bado amekishika kwa mkono wa pili, kisha akaninyooshea.

"Shika wewe. Uniambie iko namna gani."

Kilikuwa kimepoa. Nilitia vidole viwili nikasugua. Ningeweza kusema ni nzito, na angeniamini.

"Ni nyepesi, Baba."

Gari la mtu lilipita kwa kasi upande wa pili wa ua, tukangoja kelele ziishe.

"Nyepesi namna gani?"

"Kama ile ya kwanza, ya dukani. Ni hiyo niliyoweka."

Alinitazama. Nilifikiri sasa ndipo nitakapolipata karipio, na nilikuwa tayari kulipokea.

"Inateleza ama inashika?" akauliza.

Nikasugua tena, safari hii polepole. "Inashika kidogo."

"Rangi?"

"Safi."

"Haina harufu ya kuungua?"

Nikainusa. "Haina."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi iache," akasema, akatoa leso mfukoni, akanipa nikifute kijiti mwenyewe.