Bi Nyufa na Ekseli ya Tatu

Kabla hajawa fundi sanifu wa maabara ya vyuma pale chuoni, alikuwa mfagiaji wa maabara hiyo hiyo. Vipande vilivyokatika kwenye mashine ya kuvuta chuma ili kupima nguvu yake hakuvitupa. Alivipanga dirishani, huku vilivyorefuka na kuwa vyembamba kabla ya kukatika, kule vilivyokatika ghafla kama kijiti kikavu. Akauliza maswali hadi wahadhiri wakachoka, wakaona heri wamsomeshe. Leo ana miaka ishirini kazini, na wanafunzi wanamwita Bi Nyufa.

Asubuhi moja akaingia msichana wa mwaka wa mwisho, uso umemshuka, vipande viwili vya chuma mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufia?"

"Ekseli, Bi. Ya tatu hii."

Alikuwa akimtengenezea mjomba wake, ambaye miguu yake haina nguvu, baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Ndio ulikuwa mradi wake wa kumalizia masomo. Kila ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu, ilidumu siku chache, kisha pa! Alirudia hesabu, akanunua chuma kigumu zaidi, na hicho nacho kikakatika.

"Mjomba ananiuliza kama namtengenezea chombo au namfundisha kuanguka."

Bi Nyufa akacheka hadi akashika meza. Msichana, atake asitake, akacheka naye.

"Hesabu zangu hizi hapa, Bi."

"Ziweke kando kwanza. Lete kipande hapa penye mwanga. Unaona nini palipokatika?"

"Mistari imepinda, mmoja nyuma ya mwingine. Kama ukitupa jiwe majini."

"Haya, jiwe limeangukia wapi?"

Msichana akaifuata mistari kwa ukucha mpaka ukingoni, pale sehemu nene ya ekseli inapokutana na nyembamba. Kona ilikuwa imekatwa kali kama ya sanduku.

"Ufa umeanzia hapo," alisema Bi Nyufa. "Kila gurudumu likizunguka, unasogea kidogo, mpaka chuma kilichobaki kinashindwa. Kwa nini ulikata kona kali hivyo?"

"Ili ipendeze, Bi."

"Basi urembo huo ndio unaomwangusha mjomba wako!"

Wakaenda karakana. Msichana akarudia chuma cha kawaida, akakikereza kwenye mashine ili kona iwe na mviringo. Kipande cha kwanza kisu kilizama mno, kikaharibika. Cha pili kikatoka vizuri. Akakipiga msasa hadi ukucha ukapita bila kukwama.

Mwezi mzima mjomba akaijaribu baiskeli kwenye mashimo ya mtaani kwao bila kuanguka. Siku ya mitihani akazunguka uwanja wa chuo mbele ya wahadhiri, akazunguka tena, na tena.

"Mzee, inatosha, tumeridhika!" mkuu wa idara akamwita.

"Nyie mmeridhika, mimi ndio kwanza naanza!"

Msichana akafaulu vizuri sana. Wiki iliyofuata mkuu wa idara mwenyewe akaingia maabara akinyata, kafunga kitu kwenye gazeti.

"Ni chuma cha cherehani ya mke wangu," akanong'ona. "Nimekiunga mara mbili, kimekatika mara tatu. Tafadhali, asijue nimekuja kwako."

Bi Nyufa akamvutia kiti, akamwambia aeleze tangu mwanzo.