Nta Chini ya Ngazi ya Mwisho

Kuna harufu moja ambayo nikikutana nayo hata leo, vidole vyangu hujikunja vyenyewe: harufu ya nta nyekundu ya sakafu, ile ya mkebe, inayonuka kama mafuta taa. Wengine wakiinusa hukumbuka Krismasi na sebule ya shangazi. Mimi humkumbuka Drusila.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika shule ya serikali ya wasichana iliyokuwa karibu na Jogoo Road. Sisi wa kidato cha kwanza tuliitwa mono, na mono, walisema wakubwa wetu, hana shingo, kwa maana muhula wote wa kwanza hatukuruhusiwa kuvaa tai. Kila mono alipewa "mama" wa kidato cha tatu wa kumlinda na kumfundisha wimbo wa shule. Muhula ukiisha ilikuja Siku ya Tai. Mama wa shule alishuka kutoka jukwaani na kukungoja chini. Mama mzazi alileta tai kwenye kitambaa cheupe, na yule wa shule akakufunga mbele ya watu wote. Baada ya hapo ulihesabiwa kuwa mtu.

Mama yangu wa shule alikuwa Drusila, msichana mrefu wa Buruburu, mtaa wa wenye nacho, soksi zake nyeupe pe hata siku za matope. Mama yangu mzazi aliosha matumbo ya ng'ombe Soko la Burma. Ndivyo alivyotulisha tangu baba afariki, mimi na wadogo zangu watatu. Nilimsaidia kila alfajiri kabla ya shule. Unaweza kuoga mara tatu, na harufu ile ikabaki kwenye nywele ikikucheka.

Siku ya kwanza Drusila alinisogelea, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"We mono, unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Nekesa, hiyo ni nini unanuka? Umetubebea chakula ya mbwa?"

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Jina langu likawa Matumbo. Sikulia. Bibi yetu alikuwa akisema, anayekutemea mate leo, kesho atakuomba maji. Niliamua kumngoja Drusila akiwa na kiu.

Adhabu aliyoipenda ilikuwa ya kupima ukumbi. Alikupa njiti ya kiberiti, nawe ukapiga magoti, ukapima sakafu njiti kwa njiti kutoka mlangoni hadi jukwaani. Ukikosea ulianza upya. Nilipima ukumbi ule mara nne, na alichosahau Drusila ni kwamba alikuwa akinifundisha. Niliujua kila ufa. Nilijua pia kwamba ngazi ya mwisho ya jukwaa ilikuwa fupi kuliko nyingine, hivi kwamba kila aliyeshuka alitua kwa kisigino.

Kupaka nta ukumbini ilikuwa kazi ya mono. Tulisugua kwa vipande vya blanketi kuukuu, tumevikanyaga, tukiteleza huku na huku tukiimba. Asubuhi ya Siku ya Tai niliomba mwenyewe kumalizia upande wa jukwaa. Chini ya ngazi ya mwisho nilipaka nta nene, tabaka mbili, wala sikuisugua. Akilini nilikwisha kumwona Drusila akilala chali, soksi zake nyeupe juu, shule nzima ikimtazama. Tangu mwanzo wa muhula sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Wazazi wakaja. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya plastiki, na alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko. Mwalimu mkuu, akiona kina mama wamesimama kwa muda mrefu, akavunja desturi.

"Leo wazazi watangulie," akasema. "Wapande jukwaani wasalimiwe, ndipo washuke kwa wasichana wao."

Mama akawa wa kwanza kushuka.

Sitasimulia sauti ile. Kitambaa cheupe kiliruka huku, tai kule. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja kama mvua juu ya mabati. Mimi nilibaki nimesimama. Aliyekimbia ni Drusila. Alimshika mama mkono, akamwinua, akamwokotea tai.

"Pole, mama."

"Asante mwanangu. Mungu akubariki."

Ndipo nilipoona. Drusila alipouachilia mkono wa mama, aliupangusa wake kwenye sketi. Mara moja, mara mbili, kwa nguvu. Kisha akanifunga tai, na vidole vyake shingoni mwangu vilikuwa kama moto.

Jioni mama alijikanda nyonga kwa maji ya chumvi.

"Nani hupaka nta pale?"

"Ni sisi mono."

"Basi mnajua kazi," akasema, akacheka kidogo. "Yule msichana umwambie asante."

Sikumwambia. Mwaka uliofuata mama aliugua, akafa, nami nikaivua tai ile nikiwa kidato cha pili ili wadogo zangu wasome. Kila nilipochoka nilikumbuka mkono ule ukipanguswa kwenye sketi, nikapata nguvu. Wengine huamshwa na maombi. Mimi niliamshwa na Drusila.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kupaka nta katika ofisi moja Makadara. Wiki ya kwanza mwenzangu aliteleza mahali nilipokuwa sijasugua. Nilimshika mkono, nikamwinua, na kabla sijawaza nikaupangusa wangu kwenye aproni. Nilipotazama chini, aproni ilikuwa na alama nyekundu za vidole vitano.

Nikaketi palepale sakafuni. Mama alikuwa ameanguka kwa viganja. Viganja vyake vilijaa nta, nayo ilikuwa ni yangu.

Kwa yale maneno ya chakula cha mbwa, sijamsamehe Drusila, wala sitarajii. Kwa njiti za kiberiti, vilevile. Lakini mkono ule niliouchukia muda wote ule ulikuwa umefanya kazi iliyokuwa yangu, na ukachafuka kwa uchafu wangu. Asante aliyonituma mama bado ninayo. Nikikutana na Drusila nitampa hiyo kwanza. Mengine yatafuata.