Klipu Isiyo na Sauti

Mwalimu Barthélemy alikuwa na maringo yake, tusimfichie. Katika chuo kimoja cha mawasiliano pale Ibanda, alifundisha kusoma klipu za muziki kama wengine wanavyosoma barua. "Zima sauti," aliwaambia wanafunzi. "Muziki unalewesha. Angalia mara tatu: kwanza, kamera inatazama nani. Pili, nani anaitazama kamera. Tatu, nani ameachwa nje ya picha, na ni nani aliamua aachwe."

Neno hilo la mwisho lilimchoma mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, shimo la dhahabu kule Luhwindja lilimfunika Modeste, mdogo wake. Siku ya tano ya kumtafuta, Barthélemy akawaambia wachimbaji basi, waache kuchimba. Kisha akamdanganya mama yao, maman Cibalonza, kwamba mkuu wa shimo ndiye aliyekataza. Wakazika mgomba badala ya maiti, kama desturi inavyotaka, wameuvika shati la Modeste la mirabamiraba, lenye kifungo kimoja chekundu alichokishona mama kwa mkono wake. Tangu hapo Barthélemy aliogopa kitu kimoja tu: mama ajue.

Jumamosi moja mchana, mwanafunzi wake Larissa akamtumia klipu ya kazi ya darasa, iliyopigwa Luhwindja mwezi uliopita. Akaifungua sebuleni, akazima sauti. Mara ya kwanza: kamera haina habari na mtu mwingine, inamtazama mwimbaji tu, anang'ara juu ya udongo uliochimbwa na wengine. Vizuri. Mara ya pili: wachimbaji nyuma yake wote wanamtazama yeye.

Isipokuwa mmoja. Huyo aliikazia macho kamera. Shati la mirabamiraba, kifungo chekundu.

Yesu Maria! Akarudisha nyuma. Safari hii yule mtu alikuwa amesogea karibu zaidi, midomo inacheza.

"Ile ni Modeste." Maman Cibalonza alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ungo wa maharage mkononi.

"Hapana, maman. Ni mutu anamufanana tu."

"Ile kifungo ya shati nilishona miye."

Barthélemy akapeleka kidole kwenye kitufe cha sauti. "Nifungule sauti?"

"Acha. Bila sauti ninamusikia muzuri."

Mama akainamia skrini, kama alivyomwinamia Modeste zamani, kabla mtoto hajajua kusema. Halafu akamgeukia Barthélemy.

"Anauliza," akasema, "ni nani alisema baache kuchimba."

Barthélemy, aliyewafundisha watu kutazama, akakosa pa kuweka macho.