Birika la Mawe Katika Bustani ya Wajir

Hadi leo sijui ni nani aliyelijenga lile birika. Mlinzi wa jumba la wageni wa serikali alisema ni Mwingereza mmoja aliyekuwa akililia kwao. Mpishi akasema hapana, ni wafungwa wa Kitaliano wakati wa vita, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Mimi nilikuwa karani wa nyumba za serikali, kwa hiyo kwenye daftari lilikuwa chini yangu, ila daftari lenyewe lilisema tu: mawe, bustanini.

Lilikuwa la tabaka tatu, kubwa chini na dogo juu, na juu kabisa amekaa samaki wa jiwe aliyeachama ili maji yaruke kutoka kinywani. Samaki, Wajir! Nani aliona vyema kumleta huko? Alikuwa mkavu tangu kabla ya Uhuru, na nyigu walikuwa wamejenga kinywani mwake.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu kuomba uhamisho. Binti yangu alizaliwa Nyeri nikiwa huku, na nilikuwa nimemwona mara moja tu, likizo fupi ambayo alilala karibu yote. Ndipo tukaambiwa mkubwa wa idara anakuja kutoka Garissa na atafikia kwenye jumba letu. Huyo ndiye aliyekuwa akitia sahihi barua za uhamisho. Nikawaza kwamba mtu aliyekula vumbi kutwa, akinywa chai yake huku maji yanaruka mbele yake, moyo utamlainika. Sijui nilitoa wapi hesabu hiyo, lakini niliiamini kabisa.

Pembeni mwa bustani palikuwa na kisima kilichofunikwa kwa bamba la chuma. Nikaazima pampu ya dizeli kutoka shuleni, nikamwita mlinzi, mzee wa hapo hapo Wajir, anisaidie kuliondoa lile bamba. Akakataa kuligusa.

“Kisima hii imefungwa miaka mingi,” akasema. “Mwenye kufungua, ni yake.”

“Ni ya serikali, mzee.”

“Serikali iko wapi? Mimi naona wewe.”

Nikaona ni uvivu. Nikalisukuma mwenyewe hadi mgongo ukalia, nikafukuza nyigu, nikazibua bomba kwa waya siku mbili.

Mkubwa alifika mchana, amepauka kwa vumbi la njia ya Modogashe na Habaswein. Saa kumi akaketi barazani na chai yake. Nikawasha pampu. Samaki akakohoa kutu, akatema nyigu wafu, kisha maji yakapanda, meupe, yakashuka tabaka kwa tabaka. Mkubwa akacheka kama mtoto. Nilifurahi mno, nikamwona binti yangu amekaa mapajani mwangu.

Nilipogeuka niliona shingo za ngamia juu ya ua.

Ulikuwa mwaka wa ukame, na habari ya maji Wajir haihitaji simu. Walikuwepo wanaume, wanawake, punda wenye madumu, mbuzi wasiohesabika, wote nje ya lango lililo wazi. Hakuna aliyeingia. Niliogopa. Nilidhani wamekuja kunishtaki kwa kuchezea maji wakati mifugo yao inakufa, na wangekuwa na haki.

“Wanataka nini?” nikamuuliza mlinzi.

“Wanangoja wewe. Wewe umefungua kisima. Wewe nabanga zamu.”

“Nipange zamu ya nani? Nani anaanza?”

“Mimi sijui. Kisima si yangu.”

Nikatazama barazani. Mkubwa alikuwa ameweka kikombe chini. Ningeweza kuzima pampu na kufunga lango. Hadi leo najiuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nilinyoosha kidole kwa ngamia waliokonda kuliko wote, kwa sababu sikuwa na kipimo kingine. Wenye ngamia hao wakaingia polepole, ngamia wakainamisha vichwa kwenye tabaka la chini. Kisha nikawaita wanawake wenye madumu, kisha mbuzi. Hakuna aliyebisha. Nilisubiri ugomvi uanze na haukuanza, na hilo lilinichanganya kuliko ugomvi wenyewe.

Mzee mmoja, ndevu zimepakwa hina, akapanda barazani akamsalimia mkubwa.

“Huyu mtu ametoka Kenya,” akasema akinionyesha, maana kwa watu wa Wajir Kenya ni huko kwetu kusini, “lakini amefungua kisima, na amebanga fizuri. Sasa ni mtu yetu. Tunaomba usimchukue.”

Mkubwa akafungua mkoba wake, akatoa bahasha. Nililiona jina langu juu yake.

“Uhamisho wako nilikuja nao,” akasema. “Lakini hawa watu hawajawahi kuniomba nimwache afisa. Wote huomba niwaondoe.” Akairudisha bahasha mkobani. “Utakaa. Miaka miwili hivi, halafu tutaona.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba nina mtoto. Neno lilikuwepo. Lakini mzee alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, ngamia wanakunywa, mkubwa anatabasamu, nami sikujua tena kama nimetuzwa au nimefungwa. Nikasema, “Asante sana, bwana mkubwa.” Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Nilimwandikia mke wangu kurasa nne za kueleza birika, kisima, zamu na heshima niliyopewa. Alinijibu kwa nusu ukurasa. Alisema mvua ni nzuri, mama ni mzima, na mtoto ameanza kusema. Kila mwanamume anayepita barabarani yeye humwita baba, akaandika, na mimi nimechoka kumwambia si huyo.